Jua Halina LUKU

Siku Bibi mwenye nyumba aliponiita uani huku kashika simu yenye meseji ya LUKU, nilijua kesi imefika. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa ule upole unaotisha kuliko ukali: "Mjukuu wangu, humu ndani kuna mtu kanunua friji bila mimi kujua?"

Hakukuwa na friji. Kulikuwa na taa yangu.

Nyumba ile ina vyumba vinne na mita moja. Anakaa Bibi, mjukuu wake wa darasa la tano, mimi na mwenzangu wa kozi nyingine. Matumizi yetu ni balbu, televisheni, feni mbili na kuchaji simu. Kwa mwezi tulikuwa hatuzidi uniti 60. Sasa ikawa elfu tano ambayo zamani ilileta uniti 41 inaleta 14, na hizo 14 hazimalizi siku nne. Bibi hana pensheni. Anaishi kwa kodi yetu na kuuza barafu anazogandishia kwa jirani. Nilijisikia vibaya sana, na bado sijamaliza kujisikia hivyo.

Nalieleza jambo hili hadharani kwa sababu Ijumaa ijayo bunge letu la wanafunzi litapigia kura mradi wa "Shamba la Ndani la Kisasa". Pendekezo ni kuchukua kile chumba kikubwa cha kituo cha wanafunzi ambacho hakitumiki, kukijaza rafu, taa za LED na viyoyozi, na kulima mboga bila udongo. Bajeti ni shilingi milioni 22 kutoka kwenye michango yetu. Nimesoma andiko la mradi ukurasa kwa ukurasa. Picha ni nzuri sana. Ila hesabu ya umeme haimo. Mimi nasoma uhandisi wa umeme, na tayari nimeshalipa ada ya somo hili mfukoni mwangu, kwa hiyo naomba mnisikilize kabla hamjanyoosha mikono.

Msimamo wangu nausema mapema, msije mkadhani napinga teknolojia. Kulima bila udongo, ndiyo. Kununua mwanga wakati jua lipo bure, hapana.

NILIVYOINGIA MKENGE

Mwaka jana tulikuwa na semina ya ujasiriamali. Mtoa mada akatuonyesha video za maghala ya Ulaya na Marekani: rafu juu ya rafu, saladi za kijani zimejipanga kama wanajeshi, mwanga wa zambarau, mtu kavaa koti jeupe anapita na tableti. Akasema kijana unaweza kuanzia chumbani kwako. Bumu lilipoingia, nikashuka Kariakoo.

Nilinunua taa ya LED ya wati 100, rafu ya chuma, boksi jeupe la kuhifadhia samaki, pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, kipimo cha pH na mbolea ya maji ya chupa mbili, A na B. Jumla ilipita laki mbili na nusu. Nikawa nakula mlo mmoja kwa siku, nikijiambia ni mtaji.

Kwa wasioujua, utaratibu wenyewe si uchawi. Mmea hauhitaji udongo kama udongo. Unahitaji maji, hewa kwenye mizizi, mwanga, na virutubisho vilivyoyeyuka: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, chuma na vingine vichache. Ukivitia hivyo kwenye maji kwa kipimo sahihi, ukaushikilia mmea kwa unga wa makumbi ya nazi ndani ya kikombe chenye matundu, mizizi inashuka yenyewe kwenye maji na mmea unakua. Hicho ndicho kinaitwa haidroponiki. Maji hayapotei ardhini, magugu hayapo, na jembe hulishiki.

Awamu ya kwanza ilikufa yote. Nilienda nyumbani Jumamosi, umeme ukakatika tangu jioni, pampu ikasimama. Nimerudi Jumapili usiku nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia na inanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Baadaye nikaelewa kwa nini. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi: kwenye nyuzi joto 20 lita moja inaweza kubeba kama miligramu 9, kwenye nyuzi 30 kama 7.5. Chumba changu na taa ile kilikuwa tanuri. Pampu ikizimika, mizizi inakosa pumzi na kuanza kuoza.

Awamu ya pili nilivuna. Saladi 24, siku ya 45. Nilipiga picha, nikaweka status, nikapongezwa sana. Jirani wa dirisha la pili, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa anauliza kama humo ndani kuna mganga kwa ule mwanga wa zambarau, akaja kuonja. Nikauza vichwa 20 kwa watu wa chipsi na baa moja, shilingi 1,000 kila kimoja. Elfu ishirini mkononi. Nilijiona bosi.

Halafu ndo Bibi akaniita.

HESABU YA TAA MOJA

Taa ya wati 100 ikiwaka saa 16 kwa siku inakula uniti 1.6. Kwa siku 45 ni uniti 72. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, ukiweka kodi na tozo, ni kama shilingi 356. Kwa hiyo mwanga peke yake una thamani ya shilingi 25,600. Mauzo yangu yote yalikuwa 20,000. Hapo sijaweka mbegu, mbolea, nauli wala ile laki mbili na nusu.

Ila kibaya zaidi kiko hapa. Wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, wana bei yao ya nafuu: uniti moja kama shilingi 122. Bibi alikuwa kwenye kundi hilo. Taa yangu iliongeza uniti 48 kwa mwezi, tukavuka mstari, na nyumba nzima ikahamia bei ya kawaida. Sasa pigeni wenyewe: uniti 60 kwa 122 ni shilingi 7,320. Uniti 108 kwa 356 ni shilingi 38,448. Yaani saladi zangu za elfu ishirini zilipandisha umeme wa bibi mmoja mara tano. Nilimlipa tofauti kwa awamu mbili, na taa nikaizima. Lakini kurudi kwenye ile bei ya nafuu si kitu cha siku moja, na miezi iliyofuata kila akinunua umeme nilikuwa nachungulia sura yake.

Ndiyo maana nikisikia "chumba kizima cha taa", tumbo linakata.

HESABU YA MILIONI 22

Andiko la mradi linasema rafu zitakuwa na jumla ya mita za mraba 40 za kupandia. Saladi ili ikue vizuri inahitaji kiasi fulani cha mwanga kwa siku, na kwa taa nzuri za LED zilizopo sokoni kiasi hicho kinagharimu karibu uniti moja na nusu kwa kila mita ya mraba kila siku. Mara 40, ni uniti 60 kwa siku. Kwa shilingi 356, ni zaidi ya 21,000 kwa siku, kama laki sita na arobaini kwa mwezi. Chuo kinaweza kuwa na bei yake tofauti kidogo, lakini uniti ni zilezile.

Mazao je? Tukijitahidi, mita moja inatoa kama kilo nne za saladi kwa mzunguko wa siku 35 hadi 40. Kwa mita 40 ni kama kilo 160. Maana yake kila kilo moja inabeba kama shilingi 5,000 za mwanga kabla hujamlipa mtu, hujanunua mbolea, hujawasha kiyoyozi.

Na kiyoyozi utawasha tu. Umeme wote unaoingia kwenye taa, kiasi kidogo sana ndicho kinabaki kwenye jani kama chakula. Kilichobaki kinageuka joto humohumo chumbani. Uniti 60 zilizogawanywa kwa saa 16 ni karibu kilowati 3.75. Ni kama mtu kawasha pasi tatu ndani ya chumba kilichofungwa, kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku, kila siku, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Joto hilo lazima litolewe, na kulitoa ni umeme mwingine.

Kuna waliosema, basi tuweke sola. Nimelisikia sana hili, na lina sura ya ujanja. Hebu lifuate hatua kwa hatua. Paneli inachukua jua, inageuza kama sehemu moja kwa tano kuwa umeme. Umeme unapita kwenye betri na vifaa vingine, unapungua. Unafika kwenye taa, taa inarudisha kama nusu yake kuwa mwanga. Mwisho wa safari umebakiwa na kama sehemu moja kwa kumi ya jua ulilokuwa nalo mwanzo. Kwa makadirio yangu, mita moja ya rafu inadai kama mita mbili za paneli juu ya bati. Kwa hiyo tutaziba jua kwa paneli, tulipitishe kwenye nyaya, tupoteze tisa katika kumi, ili tumulike mmea ambao tungeuweka palepale juu ungemulikwa bure. Mwenzangu wa kozi aliposikia akacheka: "Kaka, hiyo ni sawa na kuchota maji baharini kwa kijiko ukajaze bwawa lililoko ufukweni."

WENZETU WALIFIKAJE HUKO

Lazima tuwe wakweli: hawa wenzetu si wajinga. Walifika kwenye taa kwa sababu zao.

Neno lenyewe la haidroponiki lilianza kutumika 1937, likihusishwa na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye alikuza nyanya ndefu kwenye matangi ya maji. Matangi yale yalikuwa nje, juani. Taa hazikuwemo kwenye wazo la mwanzo.

Wazo la maghala lilikuja baadaye, na mtaona raha kujua kwamba lilianzia darasani. Mwaka 1999 Profesa Dickson Despommier wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa na wanafunzi waliotaka kujua kama mapaa ya Manhattan yangeweza kuulisha mji. Wakapima, wakapiga hesabu, wakakuta yangelisha kama asilimia 2 tu ya wakazi. Hapo ndipo wakaanza kufikiria kupanda mimea ndani ya majengo, ghorofa juu ya ghorofa. Napenda kisa hiki kwa sababu wale wanafunzi walianza na hesabu. Walijiuliza swali la mji wao: ardhi ghali kuliko dhahabu, miezi ya theluji, mboga zinasafirishwa kutoka upande wa pili wa nchi. Jibu walilopata lilikuwa la swali hilo, si la kwetu.

Na hata huko jibu limewasumbua. Infarm ya Berlin ilitangaza Novemba 2022 kupunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake, kama watu 500, mwaka ambao bei za nishati Ulaya zilikuwa zimepaa. AeroFarms ya New Jersey iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023. Bowery ya New York ilifunga Novemba 2024. Plenty ya California nayo ikaenda mahakamani Machi 2025. Hizi ni kampuni zilizokuwa na mamilioni ya dola, wahandisi na masoko ya matajiri. Sisi tuna milioni 22 za shilingi na kamati inayobadilika kila uchaguzi.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona uliochapishwa 2015 unaoeleza vizuri mizani yenyewe. Walilinganisha saladi ya shambani na saladi ya haidroponiki ndani ya jengo linalopashwa na kupozwa. Maji: kama lita 250 kwa kilo shambani, lita 20 kwa haidroponiki. Mavuno kwa eneo: zaidi ya mara kumi kwa haidroponiki. Nishati: haidroponiki ilikula zaidi ya mara 80. Ukiangalia namba hizo bila ushabiki unaona kitu kimoja. Faida ya maji na eneo inatoka kwenye kuacha udongo. Hasara inatoka kwenye kujifungia ndani, maana sehemu kubwa ya nishati ile ilikuwa ya kupasha na kupoza hewa. Hivyo ni vitu viwili, na vinatenganishika. Wauzaji wanaviuza kama kifurushi kimoja kwa sababu taa ndiyo yenye bei.

Zipo sehemu ambako taa ni halali kabisa. Kituo cha anga za juu, ambako wanaanga walikula saladi waliyoipanda wenyewe Agosti 2015. Ncha ya kusini, ambako jua linapotea kwa miezi. Uholanzi mwezi Desemba, mchana hauna hata saa nane. Maabara ya kuzalisha miche ya migomba kwa tishu, ambako kila mche unatakiwa uwe safi bila ugonjwa, na chupa moja ya miche ina thamani kubwa. Kama mradi wetu ungekuwa maabara ya miche kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya mimea, ningenyoosha mkono wa kwanza. Lakini andiko linasema mboga za kafeteria.

Sisi tuko kwenye nyuzi kama saba kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na siku ya kawaida isiyo na mawingu inamwaga mwanga mara mbili au tatu ya ule unaohitajiwa na saladi. Tatizo letu ni jua kuzidi. Dawa ya jua kuzidi ni neti.

UANI KWA BIBI

Baada ya kuzima taa nilikuwa na boksi, mbolea iliyobaki na aibu. Nikamwomba Bibi kona ya uani. Akasema, "Chukua, bora usichomeke kitu ukutani."

Nikanunua neti ya kivuli, nikaifunga kwenye nguzo nne za mti. Pampu nikaiacha pia. Nilikuwa nimesoma kuhusu njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambayo haina pampu wala umeme: unajaza maji yenye virutubisho mara moja, mmea unavyokunywa maji yanashuka, na nafasi inayobaki kati ya kifuniko na maji inaipa mizizi ya juu hewa. Umeme ukikatika haujui.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikubali. Saladi zilifanya haraka kutoa maua na zikawa chungu, kwa sababu saladi ni mmea wa baridi na Dar si Lushoto. Maji ilibidi niyafiche jua kwa kupaka boksi rangi nyeupe na kulikinga kwa matofali, la sivyo yanachemka na kuota ukungu wa kijani. Mvua moja ya usiku ilijaza boksi na kuzimua mbolea yote. Lakini chainizi, mchicha na kotimiri vilikubali vizuri. Sukuma wiki inachukua muda ila ikishika inakuvumilia. Bibi sasa anachuma mboga ya jioni hapo hapo. Gharama ya umeme: sifuri. Deni langu kwake tulishalimaliza, na mabishano yetu siku hizi ni kama kotimiri inawekwa kwenye maharage au haiwekwi.

Wakubwa zetu wa kilimo wanaijua njia hii siku nyingi. Kenya, kule Tigoni, walikuza mbegu za viazi mviringo mizizi ikiwa inaning'inia hewani na kupuliziwa maji yenye virutubisho, ndani ya nyumba ya neti, mchana ukiwa wa Mungu. Teknolojia ya hali ya juu, na taa ni jua.

MAMA NA NYAYA

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Mama yangu analima mchicha kwenye mkuza wa umeme. Wakazi wa Dar mnajua: ile ardhi iliyo chini ya nyaya za msongo mkubwa ambayo hairuhusiwi kujengwa, kina mama na vijana wanaweka matuta. Mchicha wake umenilipia sare za sekondari. Analima bila hati, akijua siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke. Kiangazi anamwagilia kwa maji ya mtaro, na anajua kabisa kinachopita kwenye mtaro ule. Anaosha mboga mara tatu na bado hana amani.

Nilipomweleza kuhusu taa yangu, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwani mwanangu, siku hizi na jua linauzwa?" Alikuwa amesimama chini ya nyaya zinazobeba umeme wa nusu ya mji, analima kwa jua. Mwanaye msomi wa umeme yuko chumbani, amefunga pazia, analima kwa LUKU.

Mama hahitaji taa. Anahitaji njia ya kulima kwa maji machache na masafi, kwenye chombo anachoweza kukibeba siku akiambiwa ahame. Hicho ndicho haidroponiki ya juani inaweza kumpa, kama kuna mtu atakaa chini na kutengeneza mchanganyiko wa virutubisho wa bei nafuu kutoka kwenye mbolea zinazopatikana madukani kwetu, akajaribu boksi gani linavumilia joto, mboga gani inalipa mwezi gani. Kazi hiyo ni ya wanachuo. Wa kilimo wapo, wa kemia wapo, wa uhandisi tupo, wa biashara wapo wa kupiga hesabu. Chuo hakijatukosesha watu wa kuifanya kazi hii. Tunakosa tu kupenda vitu visivyong'aa kwenye picha.

NINACHOOMBA

Waheshimiwa wabunge wetu, sisemi mkatae mradi. Naomba muubadilishe. Paa la kituo cha wanafunzi ni la zege, lipo wazi, lina ngazi. Wekeni nyumba ya neti pale juu, matangi ya kuvuna maji ya mvua, mabomba ya kupandia na maboksi. Mkishindwa kupata ruhusa ya paa, kuna uwanja nyuma ya bweni la pili ambao kazi yake ni kuanikia nguo tu. Kwa milioni 22 mtabakiwa na fedha za kuwalipa wanafunzi wachache wanaosaidia, mkanunua kipimo kizuri cha virutubisho na mbegu za mwaka. Pandeni chainizi, mchicha, sukuma wiki, hoho na kotimiri, vitu ambavyo kafeteria inanunua kila siku. Saladi waachieni Lushoto.

Najua mtakayoambiwa. Kwamba mgeni rasmi akija, taa za zambarau zinapendeza kuliko neti. Ni kweli, zinapendeza. Kwamba wadudu watakuja: watakuja, ndiyo maana ya neti, na mwanafunzi wa kilimo anatakiwa awajue wadudu kwa sura. Kwamba mboga zitaibiwa: basi tuwekeeni mlango na kufuli, bado ni nafuu kuliko kiyoyozi. Kwamba tutaonekana washamba: washamba ndio waliotusomesha wengi wetu humu.

Na kama bado mnataka chumba cha taa, naomba kitu kimoja tu kabla ya kura. Mleta hoja asimame atutajie kwa namba: uniti ngapi kwa siku, nani atalipa, na kilo moja ya mboga itatoka kwa bei gani. Akijibu na hesabu ikakubali, nitakaa chini na kuomba radhi kwenye kurasa hizihizi.

Taa yangu bado ninayo, iko juu ya kabati imefungwa kwenye mfuko. Nilifikiri kuiuza, ila kila aliyeitaka alikuwa mwanachuo mwenzangu anayetaka kuanza chumbani kwake, kwenye nyumba yenye mita moja. Nimeshindwa kumuuzia mtu.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme.